Tundu Nyuma ya Jumba la Meno

Nimeacha kazi, huu mwezi wa pili, na hakuna mtu aliyeniambia niache. Magoti ndiyo yaliyoniambia. Fundi anayepanda jukwaa huku anakumbatia kila mti kama anayevuka mto uliofurika, huyo si fundi tena, ni mzigo wa ziada juu ya mbao. Nikashuka. Mwiko nimeuosha, nimeupaka mafuta, umetundikwa nyuma ya mlango hapa kwangu Kihonda.

Nyinyi mafundi mnaobaki mmeniomba nieleze nilivyofanya kazi. Sawa. Nilisoma mpaka darasa la nne nikatoka, kwa hiyo msitegemee maneno ya chuoni. Naandika kama ninavyojenga: jiwe kubwa chini, dogo juu, na pasipokaa sawa nagonga. Habari za vyeo sina. Fundi mwashi hapandishwi cheo, anapanda ngazi mwenyewe. Nitawaeleza zaidi kuhusu nyumba moja, maana ndiyo niliyoanzia na ndiyo niliyomalizia, na mpaka leo sijaacha kuishangaa.

Jumba la Meno mnalijua, hata kama hamjalikaribia. Ukiwa mjini ukatazama milima ya Uluguru asubuhi kabla mawingu hayajashuka, unaliona pale mteremko unapoanza kuwa mkali: nyumba ya mawe, mnara wa mviringo pembeni, na juu ya mnara ukuta umekatwakatwa kama meno ya mtoto yaliyong'oka moja moja. Lilijengwa wakati wa Wajerumani. Nani aliliamuru, nimesikia hadithi tatu. Ya kwanza, mkulima Mjerumani aliyetaka mkewe aache kulia kukumbuka kwao. Ya pili, mwanajeshi mwenye woga. Ya tatu siwezi kuiandika, mna wake zenu. Hata moja siiungi mkono. Ninalolijua kwa hakika ni kwamba babu yangu mzaa mama alibeba mawe ya mnara ule kutoka mtoni, kwa sababu alikuwa na kovu begani pana kama kiganja, na kovu halitungi hadithi.

Kwetu Uluguruni mtu hurithi kwa mjomba. Shamba la mjomba, jina la mjomba, na kwangu mimi ufundi wa mjomba. Mjomba Rajabu ndiye aliyekuwa akiitunza nyumba ile. Kila mwaka masika yakiisha alipanda kwenda kuziba nyufa na kubadilisha mawe yaliyolegea, na mwaka nilioacha shule akanichukua. Siku ya kwanza hakunipa hata nyundo. Alinikalisha juu ya lundo la mawe akasema, "Tazama." Nikatazama ukuta mpaka adhuhuri. Alipokuja akaniuliza, "Umeona nini?" Nikamwambia mawe. Akasema, "Kesho utatazama tena." Siku ya tatu nikamwambia nimeona kwamba hakuna mahali ambapo mstari wa wima unapita mawe mawili bila kukatwa na jiwe la juu. Akanipa nyundo. Hivyo ndivyo nilivyopata cheti changu.

Mjomba hakuwa mtu wa kueleza. Alikuonyesha mara moja, ya pili alikutazama, ya tatu alikuacha uaibike mwenyewe. Alinifundisha kuchoma chokaa, kuizima ndani ya shimo mpaka iache kuunguruma, na kuiacha ilale wiki nyingi ndipo ichanganywe na mchanga wa mto. Alikuwa na timazi ya kupimia wima wa ukuta, ya shaba, yenye umbo la kitunguu, na kamba yake aliisokota mwenyewe. Timazi ile ninayo. Haijawahi kunidanganya, jambo ambalo siwezi kusema kwa pima maji hizi za madukani.

Ila alikuwa na tabia moja iliyonisumbua. Kila tulipofika, kabla ya kufungua mfuko wa vifaa, alizunguka peke yake nyuma ya mnara, kule upande wa bondeni kwenye majani marefu. Palikuwa na tundu chini ya ukuta, limejengewa mawe vizuri, mkono unaingia mpaka kiwiko. Mjomba alichuchumaa, akaingiza mkono, akatulia kama anayesikiliza. Akiutoa umelowa. Anajipaka maji usoni, anarudi, ndipo kazi inaanza. Nilipomuuliza alikuwa akifanya nini, akajibu, "Namsalimia mwenye nyumba."

Basi. Mimi nilikuwa nimetoka madrasa, najua halali na haramu kuliko mwalimu wangu. Nikajua moyoni kwamba mjomba anatambika. Maji ya mizimu. Nikanyamaza kwa heshima, lakini kila akienda nyuma mimi nilitazama pembeni na kuomba msamaha kwa niaba yake.

Miaka ikapita, nikawa fundi kamili, simenti ikaenea. Nyinyi hamwezi kujua simenti ilivyotuingia kichwani. Chokaa ilikuwa kazi ya wiki, simenti ilikuwa kazi ya asubuhi. Fundi wa simenti alivaa viatu. Mwaka mmoja mjomba akaugua kifua, hawezi tena kupanda mlima, nikaenda Jumba la Meno peke yangu na mifuko minne. Nilifanya kazi ya kijana mwenye nguvu. Sikuacha ufa, sikuacha nyufa ndogo, sikuacha hata alama ya jukwaa. Mke wa mlinzi alianika mahindi yake kule nyuma, akanilalamikia kwamba pale kwenye tundu hapakauki na vyura wanamtia kichefuchefu. Nikamwambia, "Mama, leo ndiyo mwisho."

Niliporudi nikapita kwa mjomba. Amelala ukumbini, pumzi inakatika.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza mjomba. Safi. Hakuna tundu hata moja."

Akanitazama muda mrefu. "Hata moja?"

"Hata moja."

Akafumba macho. Nilidhani amefurahi. Hakuinuka tena kutoka kwenye kitanda kile, na yale ndiyo maneno ya mwisho ya kazi tuliyosemezana. Kwa miaka mingi niliyachukua kama baraka.

Baada ya hapo nilizunguka. Dakawa nilijenga kuta za mifereji ya mpunga, na huko nilijifunza kwamba maji ni kama mgeni asiyekaribishwa: usimzuie mlangoni, mwonyeshe njia ya kupita. Gairo nilijenga maghala, upepo wa kule unaweza kukuvua lipu ukutani kabla haijashika, tulikuwa tukitundika magunia yaliyoloweshwa kama watu wanaofua. Kihonda nilijenga nyumba za matofali ya saruji hadi nikachoka kuzitofautisha. Huko ndiko nilikokutana na Mihayo, fundi seremala, baba yake alikuja kutoka Tabora kukata mkonge. Mnyamwezi na Mluguru ni watani, kwa hiyo toka siku ya kwanza hajawahi kuniita kwa jina.

"Wewe Mluguru," aliniambia tukiwa bado hatujasalimiana vizuri, "mguu wako mmoja mfupi kwa kulima mlimani, hilo jukwaa litakuwa sawa kweli?"

Nikamjibu, "Litakuwa sawa kuliko kichwa chako, kilichokuwa bapa kwa kubeba mizigo ya watu mpaka pwani." Tumefanya kazi pamoja toka siku hiyo.

Sasa nakuja kwenye kazi ya mwisho.

Jumba la Meno lilikuwa limebadilisha mikono mara nyingi, limewahi kuwa bweni, limewahi kuwa ghala, limewahi kuwa la popo. Wenyewe wa sasa wakaamua kulifufua. Akaletwa injinia, binti anaitwa Rehema, mwembamba, kofia ngumu inamzidi kichwa. Alinifuata hapa nyumbani, akapiga shikamoo nzuri, akakaa kwenye kigoda bila kukifuta kwanza. Hilo nililiona.

"Mzee Kobelo, nimeambiwa hakuna anayelijua lile jumba kama wewe."

"Umeambiwa kweli."

"Mnara unaloa kwa ndani. Lipu inadondoka, mawe ya chini yanaoza kama maandazi, na umeanza kuinama. Nimeshaandika ripoti. Kama ukuta hautakauka kabla ya masika, inabidi tuubomoe mnara, la sivyo utaanguka wenyewe na nyumba nzima."

"Kubomoa mnara?"

"Sitaki, mzee. Ndiyo maana nimekuja."

Nikaenda. Nikashusha timazi ya mjomba kutoka kwenye meno ya juu mpaka chini. Mnara ulikuwa umeinama vidole viwili kuelekea bondeni. Babu yangu alibeba mawe yale begani. Nikamwambia binti, "Huu haubomolewi." Akasema, "Basi niambie maji yanatoka wapi." Hilo ndilo swali. Nyie, sijawahi kupewa swali tamu namna ile nikiwa na umri huu. Usingizi uliniruka kama wa mchumba.

Tulianza na yaliyokuwa wazi. Mihayo alibadilisha kenchi, zile mbao zinazobeba paa, na bati lote la juu. Kuta za nje zilikuwa zimepigwa lipu ya simenti kila mahali, na mimi kwa mdomo wangu nilimtukana aliyefanya hivyo, maana jiwe likivikwa simenti linashindwa kupumua, unyevu unabaki ndani. Tuliibandua yote kwa tindo. Fundi Zawadi, mama wa watoto watatu kutoka Mvomero, ndiye aliyeshika chokaa. Mwanamke yule anaizima chokaa kwa subira ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo, anasimama kando ya pipa linalochemka kama anayepika pilau ya harusi.

Mimi nilikuwa na kipimo changu. Kila jioni niliweka chumvi ya mawe kwenye karatasi chini ya ukuta kwa ndani. Asubuhi nakuta karatasi ina maji, chumvi imeyeyuka. Bati jipya, simenti imeondoka, kiangazi kikali, mito imepungua mpaka mawe yanaonekana, na chumvi bado inayeyuka.

"Bati halivuji kiangazi," nikasema.

"Labda jumba linatokwa jasho kwa kukuona," akasema Mihayo.

Injinia Rehema akasema tutazame juu ya nyumba, upande wa mlima. Tukakuta kijito kidogo kinachotoka chini ya jabali, kinateremka hatua chache, kisha kinapotea ardhini kama kimemezwa. Hakuna aliyekuwa amekitilia maanani, maana Uluguru maji yanatoka kila mahali. Nikamtuma Mihayo dukani akanunue bluu ya kufulia, vifuko vyote walivyonavyo.

"Unataka kufua kanzu ya mkwe?"

"Nataka kufua mlima."

Tuliimimina asubuhi pale maji yanapozama. Tukakaa ndani ya mnara kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe. Zawadi ndiye aliyeona kwanza. Kabla ya adhuhuri, kwenye viungo vya mawe ya chini, pakatokeza mstari mwembamba wa bluu. Injinia alipiga makofi kama mtoto. Mimi nilipiga magoti nikaugusa ule mstari kwa kidole, nikaulamba. Bluu kweli.

Tukazunguka nje mara tatu. Hakuna bluu popote. Binti akasimama, mikono kiunoni, akauliza lile swali ambalo mimi, na miaka yangu yote ya mifereji ya Dakawa, nilipaswa kuuliza siku ya kwanza.

"Waliojenga hapa walijua kuna kijito. Walikipitisha chini ya nyumba. Sasa kama yanaingia huku, mzee, zamani yalikuwa yanatokea wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu kwamba sijui. Nikaona mkono wa mjomba.

Mtaniuliza kwa nini sikukumbuka mapema. Nilikumbuka. Ila tundu lile nilikuwa nimeliweka kwenye kapu la matambiko, na kapu lile nilishalifunga. Halikuwa tundu la maji kwangu. Lilikuwa dhambi ndogo ya mjomba niliyomfunikia. Sasa pale, mbele ya binti wa watu, nikaelewa kwamba yule mzee hakuwa akitambika hata siku moja. Alikuwa akipima. Mkono ukilowa na baridi, mfereji uko wazi, kazi inaweza kuanza. Na aliponiuliza "Hata moja?" hakuwa amefurahi.

Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kusema sijui, nikarudi peke yangu alfajiri na mtaimbo, nikazibua kimya kimya, asubuhi nikawa shujaa. Siwafichi, nililifikiria hilo kwa urefu wa sigara moja, na sivuti.

Nikawapeleka nyuma ya mnara, upande wa bondeni. "Chimbeni hapa," nikasema. Palikuwa pamejazwa udongo na watu wa baadaye, migomba imeota juu yake.

"Umejuaje?" akauliza Mihayo.

"Chimba."

Kimo cha mkono mmoja chini likatokea pande la simenti, la mviringo kama kifuniko cha chungu, limesuguliwa laini bila dosari. Injinia Rehema akalipangusa udongo kwa kiganja. Akasimama ghafla. Akanitazama, kisha taratibu, kwa adabu, akaanza kulirudishia udongo juu kwa kiatu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba enzi zile sikumaliza kazi bila kuandika jina.

"Acha mwanangu," nikamwambia. "Mtani, njoo usome. Kwa sauti, wote wasikie."

Mihayo akainama. Mtani ana haki yake hata msibani, na mtani wangu hakuwahi kupata siku kama ile maishani mwake.

"FUNDI KOBELO," akasoma. Akasoma tena, kwa sauti ya muadhini. Kisha akajitupa chini, akashika kichwa, akalia kilio cha kuigiza: "Yarabi! Muuaji amepatikana! Alikuwa akila nasi! Ametukana simenti wiki nne, simenti mwenyewe!" Zawadi akageuka kuficha kicheko, akashindwa. Vibarua wote wakaacha kazi. Mihayo akatangaza kwamba marehemu mnara anadai fidia ya jogoo wawili, na kwamba mpaka walipwe hakuna atakayegusa maiti. Nikakubali jogoo wawili. Akasema watatu. Nikakubali.

Kisha nikaomba tindo. Hakuna aliyejitolea kunisaidia, na walifanya vizuri. Niligonga pembezoni, taratibu, magoti yakinilaani. Ile simenti ilikuwa imara. Nasema kwa fahari yote niliyobakiwa nayo: sijawahi kuvunja kazi ngumu kama ile yangu mwenyewe. Ilipoachia, yalitoka matope meusi yananuka, yakanilowesha mpaka kifuani. Yakafuata maji ya kahawia. Yakatulia, yakasafika, na mwishowe yakatoka ya bluu, bluu ya kaptula ya shule, yakateremka kwenye majani kuelekea bondeni, sote tukiyatazama.

Injinia Rehema hakukurupuka kufuta ripoti yake. Alisema ukuta ndio utakaosema. Tukamalizia kupiga chokaa ya Zawadi, tabaka jembamba jembamba, tukabadilisha mawe ya chini moja baada ya jingine. Timazi nilikuwa naishusha kila Ijumaa. Vidole viwili. Vidole viwili. Haukuzidi. Chumvi iliendelea kuyeyuka wiki ya kwanza na ya pili. Wiki ya sita nikakuta karatasi imelowa pembeni tu. Siku mawingu ya masika yalipoanza kukaa juu ya mlima bila kuondoka, nilifika na injinia mapema. Chumvi ilikuwa kavu. Aliichukua punje moja akaiweka mdomoni, akaitafuna, akatoa ile ripoti kwenye mkoba akaichana mara mbili.

Mnara upo. Umeinama vidole viwili na utabaki hivyo. Mkiutazama vizuri kutoka sokoni mtaona, ila msimwambie mtu.

Lile pande la simenti Mihayo alitaka tulijengee ukutani kama kaburi. Nilikataa, nikalibeba hadi nyumbani. Linazuia mlango wangu usigongwe na upepo.

Siku yangu ya mwisho nilipanda kuaga. Kabla ya kuingia nikazunguka nyuma ya mnara, nikachuchumaa kwa shida, nikaingiza mkono mpaka kiwiko. Nikatulia. Nilipogeuka nikamwona Zawadi amesimama na karai lake, anatazama pembeni kwa heshima. Ule uso niliufahamu. Ulikuwa wangu.

"Zawadi, njoo hapa. Chuchumaa. Ingiza mkono."

Akasita, akaingiza.

"Unasikia nini?"

"Baridi, mzee. Maji yanapita."

"Basi ni hivyo tu. Hakuna dawa, hakuna mzimu. Kila ukija, kabla ya kufungua vifaa, pima kwanza. Siku ukikuta pakavu, usiguse jiwe lolote, tafuta kilichoziba. Na atakayekuja baada yako mwambie kwa mdomo, usimwachie abahatishe."

Akautoa mkono, akautazama unavyochuruzika, kisha akajipaka maji usoni, kwa sababu jua lilikuwa kali.